Chuma Katika Uji wa Mtoto

Agosti 2003, kisiwani Pemba, sehemu ya utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 24,000 ilisimamishwa kabla ya muda wake. Watoto wadogo walikuwa wakipewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, ili kuwakinga na upungufu wa damu. Wasimamizi wa usalama walipokagua takwimu, waliona kwamba waliopewa chuma walikuwa wakilazwa hospitalini au kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na hatari ilikuwa imepanda kwa asilimia 12. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, na yakawatikisa waliokuwa wakiamini kwamba chuma kwa mtoto ni heri tupu.

Lawama kubwa iliiangukia malaria, na haikuonewa, maana Pemba ya wakati ule ilikuwa na mbu na homa mwaka mzima. Hata hivyo lilibaki swali jingine. Mtoto mchanga hufyonza sehemu ndogo tu ya chuma anachomeza. Kingine chote huteremka hadi utumbo mpana, na huko kina wenyewe wanaokisubiri.

Wenyewe hao ni bakteria. Kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2016, mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli za mwili wake mwenyewe, na wengi mno wamo katika utumbo mpana. Kwa mtoto anayenyonya, mara nyingi wanaotawala ni bifidobakteria. Hawafiki pale kwa bahati. Maziwa ya mama yana kundi la sukari ambazo mtoto hawezi kabisa kuzimeng'enya, na ukiondoa maji, sukari hizo zinashika nafasi ya tatu kwa wingi baada ya laktosi na mafuta. Mwili wa mama unatumia nguvu nyingi kutengeneza chakula kisichomfaa mwanawe moja kwa moja, kwa sababu walaji wake ni bifidobakteria. Wakishakula, hutoa asidi inayowanyima nafasi bakteria wa maradhi, na hushiriki kuifundisha kinga changa ya mtoto ipi ni hatari ya kupigana nayo na kipi ni cha kuachwa kipite.

Kuna jambo la pili kwenye maziwa hayo, na kwangu hili ndilo la ajabu zaidi: chuma chake ni kidogo sana, na yana protini iitwayo laktoferini inayokishika chuma ili vijidudu wasikipate. Bakteria kama E. koli na Salmonela wana uchu mkubwa wa chuma, hawaongezeki bila hicho. Bifidobakteria wanahitaji kidogo sana. Kwa hiyo chuma kingi kikimwagika utumboni, hakiwanufaishi wote sawa.

Hilo ndilo lililoonekana Kwale, pwani ya kusini ya Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watoto 115 wa miezi sita walipewa uji wa mahindi kwa miezi minne, baadhi yao ukiwa umechanganywa na unga wa virutubisho wenye chuma. Choo chao kilipopimwa, waliokula chuma walikuwa na bakteria wengi zaidi wa jamii ya maradhi, na uwiano kati yao na bifidobakteria ulikuwa umeelemea upande wa maradhi. Kalprotektini nayo ilipanda. Hiyo ni protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu, na ikizidi kwenye choo ni dalili kwamba ukuta wa utumbo umevimba, kinga iko vitani.

Watafiti hawakukata tamaa na chuma, na walifanya vyema, kwa sababu upungufu wake unadumaza ubongo unaokua. Hata Pemba, katika kikundi kidogo cha watoto waliofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria mapema, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Mwaka 2017, huko huko Kwale, uji wenye chuma uliongezwa gramu 7.5 za galakto-oligosakaridi, sukari zinazofanya kazi inayofanana na zile za maziwa ya mama. Bifidobakteria walisimama imara, na madhara mengi ya chuma kwenye utumbo yakapungua. Wenzao katika utafiti huo waliopewa chuma bila sukari hizo walikula chuma kilekile na uji uleule. Kilichotofautiana ni kwamba kwa waliopewa sukari, bakteria wema nao walipata chakula.

Utafiti mdogo uliofuata, wa mwaka 2019, uligusa dawa za antibayotiki. Watoto wasiopewa chuma walipotumia dawa hizo, baadhi ya E. koli wa maradhi walipungua kama ilivyotarajiwa. Kwa waliokuwa wakila chuma, nguvu hiyo ya dawa ilififia, na hatari ya kuhara baada ya matibabu ikaongezeka. Katika vijiji vyetu paketi ya unga wa virutubisho na chupa ya antibayotiki huweza kukutana kwa mtoto mmoja ndani ya wiki moja, bila mhudumu mmoja kujua alichotoa mwenzake. Swali la kwanza pale kliniki, kabla paketi haijafunguliwa, liwe kama mtoto bado ananyonya, na kama ameandikiwa dawa siku za karibuni.