Je, Wajua? Makabaila wa London Waliozaliwa Porini Tanganyika

Je, wajua kwamba riwaya maarufu ya mapenzi kuhusu makabaila wa Uingereza ya karne ya 18 iliandikwa Tanganyika? Mwandishi wake, Georgette Heyer (1902–1974), alimfuata mumewe, mhandisi wa migodi, huku Tanganyika katika miaka ya 1920. Waliishi porini, katika nyumba ya nyasi. Humo ndimo alimoandika *The Masqueraders*, iliyochapishwa 1928: dada anavaa kiume na kaka anavaa kike ili kujificha baada ya uasi wa 1745 dhidi ya mfalme wa Uingereza kushindwa.

Heyer aliandika pia mfululizo kuhusu ukoo wa kubuni wa Alastair, ulioanza 1926 kwa *These Old Shades*, kisa cha Duke wa Avon. *Devil's Cub* (1932) ikamfuata mwanawe, na *An Infamous Army* (1937) ikaufikisha uzao wao kwenye vita vya Waterloo vya mwaka 1815.

Heyer hakubahatisha historia. Nyumbani alikusanya zaidi ya vitabu 1,000 vya rejea, akanukuu daftarini mavazi, magari ya farasi na hata bei za bidhaa. Utafiti huo ndio uliozipa riwaya zake uhai, nao ni funzo kwa kila anayetaka kuandika riwaya ya kihistoria kwa Kiswahili.