Askari anapoua raia: nani huamua kuwa ni mauaji? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliangalia ni wakati gani sheria inamruhusu askari kutumia nguvu. Leo tunaingia kwenye swali zito zaidi. Nguvu ikishapita kiasi na mtu akafa, nani anaamua kwamba askari huyo ashtakiwe kwa kuua kwa kukusudia, na anatazama nini kabla ya kuamua? Nitaitumia kesi ya Daudi Mwangosi, kwa sababu watu wengi wanaikumbuka kwa uchungu lakini wachache wanajua hoja zilizoipa hukumu yake.

Mwangosi alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoani Iringa. Septemba 2, 2012 alikuwa katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, akifuatilia shughuli za Chadema za kufungua tawi. Polisi walikuwa wamezuia mikusanyiko. Vurugu zikazuka, naye akajikuta amezingirwa na askari. Picha zilizochapishwa magazetini zilimwonyesha akiwa katikati yao, hana silaha wala pa kukimbilia, na askari mmoja amemwelekezea bunduki ya kufyatulia mabomu ya machozi kutoka hatua chache. Bomu lilimpasua tumbo akafa palepale. Hata ofisa mmoja wa polisi aliyekuwa akijaribu kumnusuru alijeruhiwa.

Askari kijana, Pasificus Cleophace Simon, alifikishwa mahakamani mwezi huohuo kwa shtaka la mauaji. Julai 2016 Jaji Paul Kihwelo wa Mahakama Kuu Iringa alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akamhukumu kifungo cha miaka 15.

Ilipotoka hukumu ile, niliwasikia watu wakisema shtaka la mauaji lilikuwa la kuwafumba wananchi macho. Sikubaliani nao.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 196, inataka vitu viwili vithibitishwe: kwamba mshtakiwa alisababisha kifo kwa tendo lisilo halali, na kwamba alikuwa na dhamira ovu. Wengi wakisikia dhamira ovu hudhani lazima mtu awe amepanga kuua, labda kwa chuki ya siku nyingi. Sivyo. Kifungu cha 200 kinasema inatosha kama alikusudia kumdhuru mtu vibaya, au alijua kwamba anachokifanya huenda kikaua, hata kama hakujali afe mtu au asife. Askari hahitaji kumjua marehemu kwa jina.

Sasa, moyo wa mtu hauonekani. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Enock Kipela, ilieleza mambo ya kutazama: aina ya silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, majeraha yalivyo, maneno ya mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tendo. Pima tukio la Nyololo kwa mizani hiyo. Bunduki ya mabomu ya machozi imetengenezwa kutawanya watu walio mbali. Anayeifyatua kwenye tumbo la mtu aliyezingirwa tayari hatawanyi mtu yeyote. Kwa jalada lenye picha kama zile, Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, alikuwa na kila sababu ya kufungua shtaka la mauaji.

Kuna sababu nyingine, ya kiutaratibu, ambayo haielezwi vya kutosha. Kifungu cha 300 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinairuhusu mahakama, ushahidi ukipungua, kumtia mshtakiwa hatiani kwa kosa dogo zaidi hata kama hakushtakiwa kwalo. Aliyeshtakiwa kwa mauaji anaweza kuishia kwenye kuua bila kukusudia, kama ilivyotokea Iringa. Lakini aliyeshtakiwa kwa kuua bila kukusudia jaji hawezi kumpandisha hadi mauaji. Mwendesha mashtaka anayeanza na shtaka dogo kwa huruma au kwa hofu anakuwa ameamua suala la dhamira kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Na tofauti si ndogo: mauaji adhabu yake ni kunyongwa, wakati kuua bila kukusudia kunaanzia kifungo cha hiari ya jaji hadi kifungo cha maisha.

Ninacholalamikia mimi kuhusu Nyololo ni kingine. Askari wengi walimzunguka marehemu, lakini kizimbani alisimama mmoja. Vifungu vya 22 na 23 vya Kanuni hiyohiyo vinamhesabu kuwa mkosaji pia yule aliyesaidia, aliyechochea, au aliyekuwa na nia moja na mtendaji. Nani alitoa amri? Nani alimshika? Maswali hayo yalipaswa kujibiwa na upelelezi, na upelelezi ulikuwa mikononi mwa polisi.

Kesi ya wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi, waliouawa Januari 2006, inaonyesha ubovu huo kwa upande wa pili. Polisi walisema walikuwa majambazi waliouawa katika kurushiana risasi. Ikaja kubainika kwamba walikamatwa wakiwa hai na kupelekwa msitu wa Pande. Aliyedaiwa kufyatua risasi hakupatikana kusimama kizimbani, na mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia polisi walioshtakiwa, Abdallah Zombe na wenzake. Miaka saba baadaye Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja wao, Christopher Bageni, peke yake, ikamhukumu kunyongwa.

Ibara ya 59B ya Katiba inampa DPP uhuru wa kuamua bila kuingiliwa na mtu. Uhuru huo ni wa kweli kwenye karatasi, lakini anaamua kwa jalada, na jalada linaandikwa na wenzake mshtakiwa. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, iliunda IPOA, mamlaka ya kiraia inayochunguza vifo vinavyosababishwa na polisi. Vifo havijakoma huko, lakini tazama shauri la Albert Ojwang, aliyefia mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Nairobi Juni 2025. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukakanusha, IPOA ikapeleka jalada, na kabla mwezi haujaisha DPP wa Kenya aliidhinisha shtaka la mauaji dhidi ya watu sita, akiwamo mkuu wa kituo hicho.

Wabunge wetu wana uwezo wa kutunga sheria ya namna hiyo. Nawaomba waitunge, na waandike ndani yake kwamba kifo chochote kinachosababishwa na askari kichunguzwe na watu wasiovaa sare yake, kuanzia saa ile ya kwanza, kabla maganda ya risasi hayajaokotwa na daftari la zamu halijaandikwa upya. Na wewe uliyeona tukio kwa macho yako, nenda kaandikishe maelezo, hata ukiogopa. DPP hawezi kushtaki kwa ushahidi uliobaki nyumbani kwako.

Juma lijalo: haki za familia ya marehemu wakati wa uchunguzi wa kifo.