Mkwamo, Msongamano na Mkwamano: Istilahi Tatu za Hifadhidata Chini ya Mzigo Mzito

Mwananchi aendaye kulipa ada au kupokea fedha katika dirisha la huduma siku hizi amekwisha kulizoea jibu moja: "Mtandao haupo." Jibu hilo hutolewa Tanga mjini, hutolewa Muheza, na hutolewa hapa Maramba chini ya milima ya Usambara Mashariki. Mwishoni mwa mwezi mmoja nilisimama nyuma ya mzee aliyekuwa akilipa ada ya shule ya mjukuu wake. Karani alibonyeza, akangoja, na kioo kikaandika kwamba pana hitilafu ya mtandao, ajaribu tena. Akajaribu tena. Jioni yake mzee akabaini kwamba ada imelipwa mara mbili. Mtandao ulikuwapo muda wote ule, kwa kuwa karani wa dirisha la pili alikuwa akiutumia huohuo kwa shughuli nyingine.

Kosa hilo halikuwa la karani, aliyefanya kama alivyoagizwa na kioo. Kwa sehemu kubwa lilikuwa kosa la mfasiri. Aliyeyatia maneno ya kioo katika Kiswahili alichukua hali tatu zilizo mbalimbali akazipa jina moja, na mwenye kusoma jina hilo hana njia ya kujua kama yafaa arudie, angoje, au amwite fundi. Makala haya yana nia ya kuzitenga hali hizo tatu na kupendekeza jina la kila moja.

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya maneno machache ambayo yamekwisha kuingia katika matumizi. Mahali kumbukumbu zinapowekwa kwa utaratibu ndani ya kompyuta huitwa hifadhidata. Wengine husema kanzidata, wakilitumia neno kanzi lenye maana ya hazina. Mimi hulichagua la kwanza kwa sababu karani hulielewa bila kufafanuliwa. Kitendo kimoja kamili juu ya kumbukumbu hizo, ambacho ama hufanyika chote ama hakifanyiki kabisa, ni muamala. Zamani neno hili lilisikika zaidi kwa wanasheria na mashehe, lakini tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, hata mchuuzi wa samaki hulitumia. Na muamala unapotaka kubadilisha kumbukumbu, huitia kufuli kwanza, ili muamala mwingine usije ukaibadilisha wakati huohuo. Kufuli hilo hufunguliwa muamala ukamilikapo.

Sasa msomaji na afikirie daraja jembamba katika barabara ya udongo, lenye kupitisha gari moja tu kwa wakati. Mvua imenyesha, na malori ya machungwa yanashuka kuelekea mjini. Lori likizama topeni kabla ya daraja, watu husema limekwama. Hapo kuna mkwamo: kitu kimoja kimeshindwa kwenda kwa sababu iliyo ndani yake au chini yake. Magari kumi yakipanga foleni yakingoja moja baada ya jingine livuke, hakuna lililokwama. Huo ni msongamano, na mwenye subira atavuka. Lakini malori mawili yakiingia darajani kutoka pande mbili, yakakutana katikati, kila moja limeshika nusu ya daraja na linaitaka nusu iliyoshikwa na mwenzake. Injini zote mbili nzima, madereva wote wawili macho, mafuta tele. Walakini wangoje mpaka kesho, hawatavuka. Kungoja hakusaidii kitu. Hakuna budi mmoja arudi nyuma.

Hali hiyo ya tatu ndiyo mafundi wa kompyuta waiitayo dedloki. Edsger Dijkstra wa Uholanzi, katika maandishi yake ya mwaka 1965, aliieleza kwa mfano wa kumbatio la mauti. Mwaka 1971 Coffman, Elphick na Shoshani walionyesha kwamba haitokei mpaka mambo manne yakutane: kitu kishikwe na mmoja tu kwa wakati, mwenye kukishika aendelee kukishika huku akingoja kingine, asiwepo wa kumnyang'anya, na wenye kungojana wafanye duara. Likiondolewa moja tu kati ya manne hayo, malori hayatakutana darajani.

Katika hifadhidata jambo lenyewe huwa hivi. Mwanaidi anampelekea Hamisi shilingi 20,000. Papo hapo Hamisi anampelekea Mwanaidi shilingi 5,000. Muamala wa kwanza umeifunga akaunti ya Mwanaidi na sasa unaitaka ya Hamisi. Wa pili umeifunga ya Hamisi na sasa unaitaka ya Mwanaidi. Hakuna kilichoharibika, hakuna waya uliokatika.

Tuliite nini? Kamusi zetu hulitaja neno mkwamo, na katika habari za siasa latosha: mazungumzo yamefikia mkwamo. Lakini kwa hifadhidata halitoshi, maana lori la topeni nalo limekwama. Wapo waliojaribu kushikana, wakapata mshikano, neno ambalo limekaribia mno mshikamano. Taarifa isemayo kwamba usiku wa jana palitokea mshikamano wa miamala ingeweza kupigiwa makofi. Kufungana nako huleta mfungamano, ambao tangu zamani ni jina la umoja na mapatano. Dedloki yenyewe haina ubaya, ila haimwambii karani lolote.

Lugha yetu inayo dawa ya karibu. Kiambishi -an- hugeuza tendo la mmoja kuwa tendo la wawili baina yao: kupiga na kupigana, kuziba na kuzibana. Kwa kanuni hiyohiyo kukwama huzaa kukwamana. Lori limekwama, malori yamekwamana. Basi jina lake na liwe mkwamano. Neno hili hubeba ndani yake lile lililo la msingi, yaani kwamba wahusika si pungufu ya wawili na kila mmoja ni kizuizi cha mwenziwe. Fundi akiambiwa mkwamo atatafuta kilichoharibika. Akiambiwa mkwamano atauliza, nani na nani?

Tofauti hiyo ina gharama ya fedha. Ofisi iliyoandikiwa kwamba mfumo wake umelemewa itaomba fungu la kununua seva kubwa zaidi. Kama tatizo ni msongamano, pengine itanufaika. Kama ni mkwamano, daraja halipanuki kwa kununua malori yenye nguvu zaidi. Huenda mambo yakazidi, kwa kuwa miamala mingi zaidi sasa huingizwa kwa wakati mmoja na hukutana mara nyingi zaidi.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba mkwamano hauonekani ofisini siku ya majaribio. Karani mmoja akiujaribu mfumo mpya peke yake, muamala wake hauna wa kukutana naye. Ndiyo sababu hufanywa jaribio la mzigo: programu maalumu hujifanya makarani mia au elfu, ikapeleka maombi kwa pamoja, idadi ikiongezwa hatua kwa hatua hadi utendaji uanze kushuka. Wakubwa wa dunia nao wamewahi kuaibika kwa kulifanya jambo hili kwa kuchelewa. Tovuti ya bima ya afya ya Serikali ya Marekani ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, na kwa kumbukumbu zilizotolewa baadaye bungeni kwao, siku ya kwanza walioweza kukamilisha uandikishaji walikuwa watu 6.

Jaribio lenyewe laweza kudanganya. Ikiwa makarani wote wa bandia wametumia akaunti moja, tutaona foleni ambayo katika maisha haipo. Ikiwa kila mmoja amepewa akaunti yake, tutakosa kuiona iliyopo, maana mwisho wa mwezi watu wengi hulipa katika akaunti ileile moja ya shule au ya halmashauri, na kumbukumbu hiyo moja ndiyo daraja. Tena, anayesoma matokeo asiridhike na wastani. Maombi 99 yakijibiwa kwa sekunde 1 kila moja, na moja likajibiwa kwa sekunde 60, wastani ni sekunde 1.59, nao unapendeza. Yule wa sekunde 60 hayumo katika wastani huo. Yumo dirishani, amesimama na mjukuu wake.

Msongamano nao una hesabu yake, na ni hesabu ambayo mwalimu wa sekondari aweza kuifundisha. Mwaka 1961 John Little wa Marekani alithibitisha kwamba idadi ya waliomo ndani ya mfumo ni sawa na idadi ya waingiao kwa sekunde, mara muda ambao kila mmoja hukaa ndani. Miamala 20 ikiingia kila sekunde na kila mmoja ukachukua nusu sekunde, ndani mna 10. Makufuli yakichelewa kufunguliwa, kila muamala ukachukua sekunde 5, ndani mna 100. Hifadhidata iitwayo PostgreSQL, isipobadilishwa mpangilio wake wa awali, hupokea miunganisho 100 kwa wakati mmoja. Anayebisha hodi baada ya hapo hukataliwa, na karani wake ataambiwa kuwa mtandao haupo. Hivyo ndivyo kufuli lililochelewa laweza kuonekana kwa mwananchi kama waya uliokatika.

Mashine zenyewe hazina utata juu ya jambo hili, ila sisi tunaozitafsiria. PostgreSQL, kufuli likichelewa kwa sekunde 1, huchunguza kama pana duara la kungojana, na likiwapo huandika alama 40P01. SQL Server huchunguza kwa kawaida kila baada ya sekunde 5, nayo huandika namba 1205. MySQL huandika 1213 pakiwa na mkwamano, lakini huandika 1205 pale muamala uliposubiri kufuli mpaka muda wake ukaisha, muda ambao kwa mpangilio wa awali ni sekunde 50. Mfasiri na aangalie: namba 1205 katika hifadhidata moja ni mkwamano, katika nyingine ni kusubiri kupita kiasi. Asiyeuliza namba imetoka wapi atatafsiri kinyume.

Ikishagundua mkwamano, hifadhidata huchagua muamala mmoja na kuurudisha nyuma. Kitendo hiki nimekiona kikitafsiriwa kwa kutangua, kama ndoa au mkataba. Shida ni kwamba muamala "umetanguliwa" husomeka pia kuwa mwingine umetangulia mbele yake, na katika habari ya foleni hiyo ni maana iliyo tayari kabisa kichwani mwa msomaji. Kutengua ni salama zaidi, na hakuna mtumishi wa Serikali asiyejua maana ya kutenguliwa.

Kwa fundi, kazi huanza katika daftari la matukio ya hifadhidata. Humo atakuta miamala miwili iliyokutana, kufuli ambalo kila mmoja alilishika na lile alilolitaka. Mara nyingi ataona kwamba mwandishi mmoja wa programu hufunga akaunti ya mtoaji kwanza, na mwingine ya mpokeaji. Dawa ni kuweka utaratibu mmoja kwa wote, mathalan akaunti yenye namba ndogo ifungwe kwanza daima, duara halitapatikana. Aidha ataona miamala inayoshika kufuli huku ikingoja jibu la kampuni ya simu, au mbaya zaidi, ikingoja karani abonyeze. Kufuli lisishikwe wakati wa maongezi. Pengine atakuta ulizo lisilo na faharasa, ambalo hupekua kumbukumbu zote na katika baadhi ya hifadhidata huzifunga zote lizipitiazo, ilhali lilihitaji moja. Na hata akiyarekebisha yote hayo, programu haina budi iwe tayari kuurudia muamala uliotenguliwa, mara chache zenye kikomo, bila kumsumbua karani.

Narejea kwa kioo cha Maramba, maana ndipo mfasiri anapohusika. Palipokuwa na ujumbe mmoja napendekeza viwepo vitatu. Wa kwanza: "Muamala umetenguliwa. Fedha haijatoka. Unaweza kurudia." Wa pili: "Muamala ungali unasubiri zamu. Usirudie." Wa tatu, pale mawasiliano yalipokatika kweli na hakuna ajuaye upande wa pili umefika wapi: "Haijulikani kama muamala umekamilika. Angalia taarifa ya akaunti kabla ya kurudia." Mzee wangu alikuwa katika hali ya pili, akaandikiwa maneno ya hali ya kwanza.

Limebaki jambo moja ambalo sijalipatia jina, nami nawaachia wasomaji. Baadhi ya mifumo, kwa kuogopa mkwamano, hufundishwa kwamba kila muamala ukiona kizuizi uachie ulichoshika na kujaribu upya. Miamala miwili yenye adabu hiyo yaweza kuachiana, kujaribu, na kuachiana tena bila mwisho, kama wageni wawili mlangoni, huyu akisema karibu tangulia, na yule akisema la, tangulia wewe. Hapo hakuna aliyekwama, wala hawakukwamana, wala hakuna msongamano. Wote wanatembea, na hakuna aingiaye ndani.