Meno ya Utotoni Nayo ni Amana

Wazazi wengi huuliza: meno ya utotoni si yatang'oka tu, ya nini kuyahangaikia? Jawabu ni kuwa baadhi ya magego hayo hukaa hadi miaka 10 au 12. Yakioza, mtoto hula kwa tabu, hakosi kukesha, na usaha unaweza kuliharibu jino la ukubwani linaloota chini yake. Mwili wa mtoto ni amana, na kumkinga na madhara ni wajibu wetu.

Anza kumpigisha mswaki jino la kwanza linapochomoza, asubuhi na kabla ya kulala. Dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele. Akitimiza miaka 3, punje ya mbaazi. Asilale na chupa ya maziwa wala chai ya sukari mdomoni.

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tuwafunze watoto Sala wakifika miaka 7, naye aliuhimiza mno mswaki wakati wa Sala. Basi tuwafunze mawili haya pamoja, na tuwasimamie mpaka waweze wenyewe.

Ukiona doa jeusi, mpeleke kwa daktari wa meno kabla jino halijauma.

Wallahu a'lam.