Dohani si ya Kuachiwa Fundi
Neno dohani tulilipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni moshi wenyewe. Shule ya Thika au Ruiru inunuapo jiko la kuni, bei ya sufuria hujadiliwa mno, bali dohani huachiwa fundi. Naye hukunja bati jepesi lililopakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za selsiasi, na moshi wake ukivutwa huleta homa. Karibu na jiko pafaa chuma kizito kisichopakwa. Kipande cha juu kiingie ndani ya cha chini, lami ya moshi isichuruzike nje. Mdomo nao usipopita kilele cha paa, upepo humrudishia mpishi moshi, pamoja na kaboni monoksaidi isiyo na harufu, iuayo. Mwalimu wa zamu na aingie jikoni alfajiri, uji ukichemka, atazame moshi unatokea wapi.