Gari la zamani likisita, usikimbilie injini

Unataka kulipita lori, watoto wako kiti cha nyuma. Unakanyaga mafuta, gari linasita, linashtuka, ndipo linaondoka. Sekunde hiyo moja yatosha kuleta balaa.

Fundi mwenye haraka atakwambia injini imechoka. Kabla ada ya shule haijaishia gereji, mwombe aanze na kabureta, ikiwa gari lako ni la enzi hizo. Injini izimwe, ipoe, na sigara iwe mbali. Afungue chujio la hewa, achungulie ndani ya kabureta huku akivuta waya wa mafuta kwa mkono. Petroli inapaswa kuruka papo hapo, mchirizi mwembamba wenye nguvu. Ikichelewa au ikidondoka tu, pampu ndogo iliyomo humo huenda imechakaa mpira wake au tundu limeziba. Ndiyo maana ukikanyaga, injini hupata hewa nyingi na petroli kidogo. Husafishwa, hubadilishwa mpira, basi.

Ikiruka vizuri, aangalie plagi, chujio la petroli na mipira ya hewa. Iliyopasuka mara nyingi hupiga mluzi.

Siku ya kulijaribu, tafuta barabara tupu, watoto wabaki nyumbani.