Bunduki ya Kijapani Iliyobadilishwa: Namna ya Kuitambua na Kuitengeneza

Vita huisha, lakini silaha zake hubaki. Japani ilipotia sahihi ya kushindwa tarehe 2 Septemba 1945, bunduki zake nyingi zilichukuliwa na askari wa Marekani kuwa ukumbusho wa ushindi, nao wakarudi nazo makwao. Huko nyingi zikageuzwa ziwe za kuwindia: mbao zikakatwa, chuma kikatobolewa, pengine hata chumba cha risasi kikapanuliwa. Leo watoto na wajukuu wao wanazikuta katika ghala za nyumba, nao wanauliza: Hii ni bunduki gani? Je, yaweza kurudishwa katika hali yake ya kwanza? Tutaeleza jinsi mafundi wanavyojibu maswali hayo mawili, kwa maana ndani yake mna funzo kwa kila mtu atunzaye kitu cha kale.

Alama zasemaje?

Kabla ya yote, fundi hufungua komeo na kuhakikisha kwamba hamna risasi ndani. Kisha hutazama juu ya chuma kinachobeba komeo, mahali ambapo mtutu unaanzia. Hapo pana herufi za Kijapani zilizoandikwa kutoka juu kwenda chini. Akiona mistari mitatu iliyolala, na chini yake mistari miwili iliyoachana, hiyo ni namba 38. Akiona herufi moja iliyorudiwa mara mbili, hiyo ni 99.

Namba hizo ni za miaka. Aina ya 38 ilikubaliwa jeshini mwaka wa 1905, ambao ulikuwa mwaka wa 38 wa Mfalme Meiji. Risasi yake ina upana wa milimita 6.5. Aina ya 99 ilitoka mwaka wa 1939, ambao kwa hesabu ya kale ya ufalme wao ulikuwa mwaka wa 2599. Risasi yake ni ya milimita 7.7. Zote mbili huitwa Arisaka, kwa jina la ofisa Arisaka Nariakira, aliyeongoza kazi ya kubuni bunduki iliyozitangulia.

Ubavuni kushoto mna namba ya bunduki na alama ya kiwanda. Duara nne zilizoingiliana ni alama ya kiwanda cha Tokyo, na baadaye cha Kokura. Tangu miaka ya 1930, mbele ya namba huwekwa pia herufi ndogo ndani ya duara, kuonyesha fungu ambalo bunduki hiyo ilitengenezwa. Fundi hulinganisha namba hiyo na ile ya komeo. Zisipopatana, asishangae: silaha zilipokusanywa, mara nyingi makomeo yaliwekwa mbali na bunduki zake.

Mambo yanayodanganya macho

Mtu asiyejua huweza kuona kasoro mahali pasipo na kasoro. Kitako cha Arisaka kina mstari mrefu wa maungio upande wa chini. Wengi hudhani kilivunjika na kuungwa. Sivyo. Wajapani wenyewe walikiunga kwa vipande viwili tangu kiwandani, ili kuokoa mbao na kukipa nguvu. Vivyo hivyo bunduki za mwisho wa vita zina chuma kisichosuguliwa vema, na bamba la kitako ni la mbao tupu. Hiyo ni dalili ya nchi iliyoishiwa mali. Si uharibifu wa mwindaji.

Hatari mbili

Yatupasa kutaja hatari mbili. Ya kwanza ni chumba cha risasi kilichopanuliwa ili kipokee risasi za Kimarekani. Kwa nje hakionekani. Fundi humimina ndani yake madini laini yayeyukayo kwa moto mdogo, huyaacha yagande, kisha huyatoa na kuyapima. Ya pili ni bunduki za mazoezi zilizotumika mashuleni Japani. Zafanana na za vita, lakini chuma chake ni dhaifu na ndani ya mtutu hamna mifuo. Akitia risasi ya kweli, mtu aweza kupoteza macho au uhai.

Kuitengeneza

Fundi mwema huanza na mafuta na kitambaa laini. Msasa ni adui yake, kwa sababu mbao zilipakwa utomvu wa mti uitwao urushi, nao ukikwanguliwa haurudi. Mbao za mbele zikiwa zimekatwa, hutafuta kipande cha bunduki nyingine ya aina ileile, akakiunga mahali panapofunikwa na pete ya chuma. Matundu yaliyotobolewa huzibwa kwa skrubu. Lakini chumba kilichopanuliwa hakiwezi kurudishiwa chuma chake; bunduki hiyo huandikiwa kibandiko cha kumwonya kila atakayeishika.

Ua lililofutwa

Liko jambo moja linalompima fundi. Juu ya chuma, bunduki ya jeshi ilipigwa muhuri wa ua la krisanthemi lenye petali 16, alama ya Mfalme wa Japani. Zile zilizotekwa vitani mara nyingi zina ua zima. Zile zilizokabidhiwa baada ya kushindwa, nyingi zilifutwa ua hilo kwa tupa au kwa jiwe la kunolea. Wako watu wanaolichonga upya, maana bunduki yenye ua huuzwa ghali zaidi.

Sisi twasema: lisichongwe. Mbao zilizokatwa na mwindaji zaweza kurudishwa, kwa kuwa alikata kwa manufaa yake tu. Lakini mikwaruzo ya tupa mahali pa ua ni ushuhuda wa mwaka wa 1945, wakati taifa zima lilipoweka silaha chini. Aichongaye upya humwibia mnunuzi fedha, na huwaibia wajao habari ya kweli.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi fundi aandike kila alichobadili, ahifadhi vipande alivyoviondoa, na karatasi hiyo ikae pamoja na bunduki. Atakayeipokea kesho ajue kipi ni cha Wajapani, kipi ni cha mwindaji, na kipi ni cha fundi.